UZI: Wahisani wanatuletea maboya na mabango, ila nani analipia mafuta ya mtu anayeenda kuokoa? (Usalama wa vijiji vya ziwani)

#1 Mwalo_Kaskazini (mleta uzi)

Wakuu habari za majukumu. Uzi utakuwa mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu hamna ugomvi.

Nataka tuongelee hela za wahisani na usalama wa watu vijijini. Mi natokea visiwani, Ukerewe huko, na kwetu kinachoua watu sana sio jambazi ni maji. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba Ziwa Victoria likichanganya nchi zote tatu linachukua watu mpaka 5,000 kwa mwaka, na hayo ni makadirio kwa sababu mvuvi akizama usiku kule Goziba nani anaandika? Watu wanatafuta mwili siku mbili tatu, ukielea wanazika, usipoelea wanaanua matanga hivyo hivyo, kesho yake mitumbwi inatoka.

Mnakumbuka MV Nyerere, 20/9/2018. Kivuko cha kubeba watu 101, siku ya gulio Bugolora, kikajazwa mpaka basi, kikapinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati la Bwisya pale Ukara. Watu 228 wakaenda. Waliofika mwanzo kuokoa ni wenye mitumbwi, watu wa kawaida tu, halafu giza lilipoingia uokoaji ukasimama mpaka asubuhi. Baada ya hapo nchi nzima ikachanga, makampuni, taasisi, watu binafsi, na sehemu ya ile rambirambi ikaelekezwa kujenga kituo cha afya Bwisya. Kituo ni cha maana sana na sina neno baya juu yake, mtu wa Ukara kuvuka maji usiku na mgonjwa ni adhabu. Ila hela ile ilikuja kwa sababu ya maiti 228 kwa mpigo. Hawa wanaozama mmoja mmoja hawachangiwi na mtu, wala hawatangazwi.

Sasa swali langu, mtu mwenye hela yake na nia njema, awe tajiri mzawa, mfuko wa nje, ndugu zetu walioko ughaibuni, kanisa, msikiti, yoyote yule, akitaka vifo vipungue kwenye mwalo mmoja (pale ufukweni mitumbwi inapotokea na kushusha samaki) aiweke wapi hiyo hela? Msimamo wangu ni kwamba aiweke kwenye vitu visivyotoka vizuri kwenye picha. Mafuta, matengenezo ya mashine, vocha ya mtu wa zamu, kufundisha watu kuogelea na kurudia kufundisha. Tatizo ni kwamba kila anayekuja anataka kugawa maboya (majaketi okozi) na kuacha bango lenye nembo yake.

Nawasilisha.

#2 kigoda_cha_mbele

Nimekaa. Leteni hoja.

#3 Bwana_Furu

Mleta uzi umegusa penyewe. Mimi ni tajiri mdogo wa dagaa, sio tajiri wa kwenye tv, tajiri wa ziwani maana yake una mitumbwi na madeni. Ngoja niwaambie kuhusu maboya maana hapa wengi watasema wavuvi wajinga hawavai.

Walikuja watu fulani siwataji, wakagawa majaketi okozi ya rangi ya chungwa, hotuba, soda, picha, wakaondoka. Haukupita muda mengine yanauzwa mwalo wa pili na mengine ndo mito ya kulalia kambini. Kila mtu akasema wavuvi hawasaidiki. Lakini hakuna aliyekaa usiku mmoja kwenye mtumbwi aone kazi inavyokwenda. Dagaa tunavua giza, taa zinawaka, wadudu usoni, mnavuta nyavu mmeinama, jasho linatiririka, lile jaketi nene linanasa kwenye nyavu na linakuzuia mikono. Mtu analivua analikalia. Dhoruba ikija hana muda wa kulifunga kamba.

La pili, vijana wa kazi wanabadilika. Giza hili (siku zisizo na mbalamwezi, ndo tunavua) yuko kwangu, mwezi ukiwa mkali tunapumzika, giza lijalo yuko kwa mtu mwingine au karudi kwao Kwimba kulima. Ukimpa boya yeye mkononi ameondoka nalo. Boya inabidi liwe la mtumbwi, liandikwe namba ya mtumbwi kwa rangi, na mtu wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) ahesabu pale mwaloni kabla hamjatoka. Na liwe lile jembamba la kuvaa kama fulana.

La tatu kuna feki kibao. Ndani sponji ya godoro, likikaa majini linakunywa maji na kukuvuta chini. Bora dumu tupu la lita ishirini mara mia.

#4 Sijui_Mie

Kwahiyo mnapewa bure mnauza halafu mnafungua uzi kulalamikia waliowapa 😂😂 Tanzania hii.

Mi nauliza, ushuru wa mwalo nani anakula? Leseni za uvuvi, leseni za vyombo, ushuru wa dagaa kwa gunia, zote zinaenda wapi? Hiyo ndo hela ya boti ya uokoaji. Kazi ya kulinda raia ni ya serikali, mkizoea mzungu awalinde mtalala usingizi mpaka siku akichoka. Uhisani unalemaza watu, basi.

#5 Mwalo_Kaskazini

Mkuu Sijui_Mie sikatai hata kidogo kwamba ni kazi ya serikali. Polisi Wanamaji wapo, Zimamoto na Uokoaji wapo, TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli) wanakagua vyombo. Shida ni maji na umbali. Ziwa lina kilomita za mraba zipatazo 68,000, na nusu hivi ni upande wetu. Simu ikipigwa kutoka Irugwa saa nane usiku boti ikatoke Mwanza? Ifike saa ngapi?

Chukua ile ndege iliyoanguka ziwani Bukoba, 6/11/2022. Watu 43 ndani, ndege iko majini karibu kabisa na uwanja, mjini, mchana kweupe, makao makuu ya mkoa. Na bado waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao, watu 24 wakatoka salama, 19 wakafariki. Yule kijana mvuvi Majaliwa Jackson aliyewahi kuokoa akapongezwa, akaajiriwa Zimamoto, sawa kabisa alistahili. Lakini jiulize kama mjini Bukoba mambo yako hivyo kisiwani yatakuwaje. Siku zote atakayekuokoa ziwani ni mvuvi wa jirani. Sasa huyo mvuvi ana nini mkononi? Hana kamba ya kurusha, hana tochi ya maana, hajui kumrudishia pumzi mtu aliyekunywa maji, wengi wao hata kuogelea vizuri hawajui. Hapo ndo nasema hela ndogo ya hisani inaweza kufanya kitu ambacho bajeti ya halmashauri itakifikia sijui lini.

#6 mtu_wa_projekti

Naomba niseme upande wa pili maana nimekula mkate wa NGO muda mrefu na bado naula.

Sababu ya maboya na mabango ni ripoti. Mfadhili anakupa hela ya mwaka, mwisho wa mwaka anataka idadi. Umefikia wangapi, umegawa ngapi, semina ngapi. Boya linahesabika. Mafuta yaliyochomwa kwenda kumtafuta mtu aliyeonekana salama hayahesabiki, na mtu ambaye hakufa hawezi kusaini fomu ya mahudhurio. Halafu kuna kile kipengele cha gharama za uendeshaji, wafadhili wengi wanakipa ukomo mdogo, sasa kwenye uokoaji gharama za uendeshaji ndo kazi yenyewe! Boti bila mafuta na fundi ni sanamu.

Ila si wote wako hivyo. Pale Mwanza kuna shirika la EMEDO, wana mradi wa kuzuia kuzama kwenye ziwa, na anayewapa nguvu ni RNLI ya Uingereza. Hawa RNLI inafaa tuwajue vizuri kwa sababu wanajibu hoja ya Sijui_Mie moja kwa moja. Ni taasisi ya hisani, ilianzishwa 1824 na jamaa mmoja Sir William Hillary aliyekuwa anaishi kisiwa cha Man, akachoka kuona meli zinavunjika mbele ya macho yake na mabaharia wanakufa. Mpaka leo boti nyingi za uokoaji za pwani ya Uingereza na Ireland ni zao, vituo zaidi ya 230, na hela yao karibu yote inatoka kwa watu. Vibakuli vya sarafu, michango midogo midogo, na sehemu kubwa sana ni wosia, yaani mtu anakufa anaandika hela fulani iende kwenye boti. Wanaoendesha boti wengi ni wa kujitolea, fundi bomba, mwalimu, muuza samaki, kifaa kikilia kiunoni anaacha kazi anakimbia ufukweni. 2024 wametimiza miaka 200. Kwahiyo hiyo ya kusema hisani haiwezi kubeba usalama wa raia si kweli, imebeba karne mbili kwenye nchi yenye serikali yenye hela.

#7 Sijui_Mie

Uingereza na Ukara wapi na wapi kaka. Wale wana wosia, sisi marehemu anaacha deni la dukani.

#8 Mama_Karabai

Samahanini kaka zangu, mmejaza wavuvi wavuvi wavuvi. Mimi ninanunua dagaa na kuanika, nipo mwaloni tangu sijaolewa. Wanaozama sio wavuvi tu. Watoto je? Mtoto wa miaka mitatu anamfuata mama yake kufua, mama ameinamia ndoo, dada yake anaosha masufuria, mtoto kaenda hatua chache tu, hapigi kelele wala nini, mnageuka hayupo. Maji ya magotini. Kesi kama hiyo kwenye vijiji vya ziwani kila mtu anaijua ya kwake na hakuna mradi nimeona umekuja kwa ajili ya mtoto wa miaka mitatu. Na wale wakubwa kidogo wanaotumwa kuchota maji jioni, mamba kule kwetu anasubiri saa hizo hizo.

Mkitaka kusaidia mleteni bomba. Kisima kirefu chenye pampu kijijini, mtoto na mama hawana sababu ya kushuka ziwani. Hicho nacho ni usalama, au mpaka kiwe na boti na king'ora ndo mnakubali?

#9 mtu_wa_projekti

Mama_Karabai heshima yako. Umesema jambo ambalo Bangladesh waliligundua kwa gharama kubwa.

Kule vijijini kuna madimbwi na mito kila nyumba, watoto wadogo walikuwa wanazama vibaya mno, na walipochunguza wakaona wengi wanazama asubuhi mpaka mchana, pale mama yuko jikoni na baba yuko shamba. Wakaanzisha vituo vinaitwa Anchal, nyumba ya kawaida tu ya mama wa kijijini, analelea watoto wa mwaka mmoja mpaka mitano kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 7 mchana. Basi. Hakuna teknolojia hapo. Na wakubwa kuanzia miaka sita wanafundishwa kuogelea kwenye bwawa la kijiji lililozungushiwa mianzi. Waliotoa hela ya kujaribu na ya kupima matokeo kwa miaka mingi ni pamoja na Bloomberg Philanthropies, mfuko wa yule aliyekuwa meya wa New York. Vifo kwa watoto waliokuwa kwenye vituo vikashuka vibaya sana. Mwaka 2022 serikali ya Bangladesh ikaupitisha kama mradi wake, vituo 8,000 kwenye wilaya 16, serikali ikabeba karibu asilimia 80 ya gharama na Bloomberg na RNLI wakabeba iliyobaki.

Mimi nikiulizwa hisani inafaa nini nitaonyesha hapo. Ilichukua jambo ambalo hakuna waziri angethubutu kulipeleka bungeni, mama wa kijijini kulipwa kuangalia watoto eti kuzuia kuzama, ikalijaribu kwa hela ambayo ikipotea halii mlipa kodi, ikaonyesha hesabu, kisha serikali ikalichukua.

#10 Mama_Karabai

Huo wa mama kulelea watoto saa za kazi hata mimi naununua leo. Saa hizo ndo tunaanika na kugeuza dagaa, watoto wako miguuni.

#11 mgambo_mstaafu

Vijana nimesoma kimya kimya. Mimi ni wa Shinyanga ndani ndani huko, kwetu hatari ilikuwa wizi wa ng'ombe. Miaka ya 80 mwanzoni sungusungu walipoanza Usukumani na Unyamwezini hapakuwa na mhisani. Yowe likipigwa kila mwanaume anatoka na upinde, asiyetoka anapigwa faini na anatengwa, hata moto wa kuomba kwa jirani hapati. Wizi ulipungua kweli kweli. Lakini pia yalitokea mambo ya aibu, watu walipigwa, watu waliuawa kwa kushukiwa, vikongwe waliitwa wachawi, mpaka sheria ikaja kuwatambua mwaka 1989 na kuwaweka chini ya mamlaka.

Ninachotaka kusema ni hiki. Mkiongelea hisani kwenye boti na kisima mimi niko nanyi. Mkija kwenye hisani ya kuwapa wenye pingu na bunduki hapo tuwe macho. Nimeona tajiri mmoja, jina sitaji wala kijiji, alijitolea pikipiki na mafuta kwa kituo kidogo cha kwao, akapigiwa makofi kwenye mkutano wa hadhara. Baadaye akawa na mgogoro wa mpaka wa malisho na wenzake. Nadhani mnaweza kujaza wenyewe nani alikuwa analala ndani na nani alikuwa anapewa kiti. Hakuna aliyehongwa pale, hakuna shilingi iliyotolewa siku ile, pikipiki ile ile ilikuwa inafanya kazi yake.

#12 kigoda_cha_mbele

Mzee umetema madini. Mpaka leo ukienda kuripoti unaambiwa hamna mafuta, mlalamikaji ndo anaweka mafuta, kwahiyo mwenye hela ya mafuta ndo mwenye haki. Hisani au si hisani ni ile ile.

#13 Mwalo_Kaskazini

Shikamoo mzee mgambo_mstaafu. Nakubali kabisa, na ndo maana mtu akitaka kusaidia upande wa polisi nadhani apeleke kitu ambacho hakichagui upande, kwa mfano taa za sola pale gulioni na kwenye njia ya kwenda zahanati, au apeleke hela juu kabisa wizarani iingie kwenye kapu moja asijue itaenda kituo gani. Wengi hawatakubali maana hawataona bango lao, lakini hicho ndo kipimo cha nia.

#14 dereva_wa_sengerema

Wakuu mbona hamjataja m-mama? Mimi ni dereva wa jamii kwenye huo mfumo, nina probox yangu. Ngoja nieleze maana unajibu swali la mafuta lililoko kwenye kichwa cha uzi.

Ilianzia huku kwetu Sengerema na Shinyanga kwa hela ya Vodafone Foundation na wenzao, 2022 serikali ikaichukua kwenda nchi nzima. Mama mjamzito au aliyejifungua akipata shida, au kichanga, mtu anapiga 115 bure. Kuna chumba cha simu, yule wa zamu anauliza maswali, akiona ni dharura na ambulansi iko mbali ananipigia mimi dereva niliyesajiliwa. Nambeba namfikisha, hospitali wakithibitisha nimemfikisha hela yangu inaingia kwenye simu. Bei inajulikana kwa umbali. Sibishani na familia iliyochanganyikiwa usiku, sidai rehani ya redio au ya mbuzi kama zamani.

Zamani watu walikuwa hawachukui mgonjwa sio kwa roho mbaya, ni kwamba ukimbeba mara mbili bila kulipwa watoto wako wanalala njaa. Hela ikawa na uhakika na kila mtu akawa msamaria 😀

Sasa mvuvi anayeacha kuvua kwenda kuokoa anapoteza nini?

#15 Bwana_Furu

Anapoteza usiku mzima. Mafuta ya mashine kwanza. Halafu kama nyavu zilikuwa zimetegwa inabidi azikate au aziache, zikichukuliwa na maji au na wahuni basi ni kilio. Ukikuta mtu anapunga tochi mbali na wewe una nyavu majini, jamani tusidanganyane, kuna watu wanageuza sura. Baadaye wanajisikia vibaya maisha yao yote ila usiku ule waligeuza sura kwa sababu nyavu ni za tajiri na tajiri hataki hadithi.

Kwahiyo mkinambia kuna mfuko, nikiokoa narudishiwa mafuta yangu na sehemu ya nyavu, tena ndani ya siku ile ile kwenye simu, mimi nawaambia vijana wangu mkiona tochi KATENI NYAVU. Hiyo sentensi moja ina maboya mia tano ndani yake.

#16 Sijui_Mie

Na wahuni watajizamisha wenyewe kila ijumaa waokoane wagawane mafuta. Nawajua.

#17 Bwana_Furu

😂 Hilo halikwepeki. Ila kuzama si mchezo mkuu, mtumbwi ukipinduka mashine imelowa na taa na betri zimeenda chini, hasara yake ni kubwa kuliko mafuta utakayoibia. Na mwaloni hakuna siri, mwenyekiti wa BMU anajua nani katoka na nani karudi na kavaa nini.

#18 upepo_wa_usiku

Naongeza la hali ya hewa kwa kifupi, ni fani yangu. Hili ziwa lina tabia yake. Mchana nchi kavu inapata joto, upepo unavuma kutoka ziwani, mawingu mazito yanajengeka nchi kavu. Usiku inageuka, pande zote upepo unatoka nchi kavu unakutana katikati ya ziwa, hewa inapanda juu, radi na dhoruba zinazaliwa hapo hapo juu ya maji. Yaani dhoruba kali ziko kazini saa zile zile ambazo mvuvi wa dagaa yuko kazini. Ukivua sangara au dagaa usiku huo ndo ukweli unaoishi nao.

TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) wanatoa utabiri wa ziwa, upepo na kimo cha mawimbi. Kulikuwa na mradi wa HIGHWAY chini ya shirika la hali ya hewa duniani uliosaidia sana nchi za ziwa kuboresha utabiri huo, ila ule ulikuwa hela ya serikali ya Uingereza, kodi ya watu sio sadaka, tusichanganye. Kilichobaki ni kilomita ya mwisho. Utabiri upo Mwanza na kijana yupo kambini na simu imeisha chaji. Hapo mhisani mwenye hela ya kawaida tu anaweza kuweka kipaza sauti cha sola mwaloni, bendera nyekundu na ya kijani, na kumlipa mama mmoja anayesoma utabiri saa 10 jioni kwa kiswahili cha mwaloni sio "mawimbi ya wastani". Sema "leo kaskazini hapafai mpaka alfajiri".

Ninamtaja mama makusudi. Vijana wakiambiana wenyewe wanaitana waoga.

#19 Mama_Karabai

Nani alipwe kupiga kelele? Mimi nipo 😂 hata bila kipaza sauti.

#20 Sijui_Mie

Haya tuseme mmenishawishi nusu. Lakini mmeona Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ilikuwaje? Watu waliamka asubuhi wanaambiwa kazi hamna, kliniki zimefunga dirisha. Ile ilikuwa serikali kubwa. Je mfuko wa mtu binafsi, tajiri akifa watoto wake wakapenda farasi kuliko wavuvi? Mmeshaambia watu kateni nyavu, halafu mwaka wa tatu hela haipo. Huyo aliyekata nyavu mwaka wa tatu mtamwambia nini?

#21 Mwalo_Kaskazini

Swali zuri kuliko yote humu na ndo sababu sitaki mfuko uwe wa mhisani. Uwe wa mwalo, mhisani aongezee. Kila mtumbwi unaotoka kwenye giza moja uchangie kiasi kidogo, sema bei ya lita moja ya petroli. Mhisani anaweka lita kwa lita. Mwaka wa kwanza anaweka tatu kwa moja yetu, mwaka wa pili mbili, wa tatu moja, wa nne anabaki na mafunzo na vifaa tu. Akiondoka mfuko umepungua lakini upo.

Na mhisani si lazima atoke ng'ambo. Wakuu, mabondo ya sangara (vile vifuko vya hewa vya tumboni) yanauzwa bei gani kwa kilo? Yanapanda ndege yanaenda China. Minofu inaenda Ulaya kutoka viwanda vya Mwanza. Kuna watu wana maghorofa kwa ajili ya hili ziwa na hawajawahi kununua hata kamba ya kurushia mtu. Kabla sijaandika barua kwenda London nataka niandike kwanza kwa hao.

#22 mtu_wa_projekti

Hapo kwa mabondo umenikumbusha, kiwanda kinachonunua samaki kinaweza kukata kiasi kidogo kwa kila kilo na kukipeleka mwaloni samaki walipotoka. Wanunuzi wa Ulaya wanapenda sana kusikia habari kama hizo, watakuwa wa kwanza kuweka kwenye pakiti. Waache waweke, bango la kwenye pakiti ya minofu Hamburg halitusumbui sisi.

Ila swali la hela kushikwa na nani bado hamjalijibu na ndo linaua miradi yote.

#23 Mama_Karabai

Hela msimpe mtu ashike. Mimi kwenye kikoba chetu sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko nyumba tatu ambazo hazipatani. Na mafuta msiweke ofisi ya BMU, yatauzwa usiku huo huo. Mwenye kuuza petroli pale mwaloni alipwe kabla, awe na daftari, mtu akirudi kutoka kuokoa anajaziwa, anasaini yeye na aliyeokolewa. Kama aliyeokolewa amefariki asaini ndugu. Kila mwisho wa giza daftari linasomwa kwa sauti mbele ya watu pale kwenye vichanja vya kuanikia dagaa.

#24 dereva_wa_sengerema

Huyu mama apewe wizara.

#25 Bwana_Furu

Mimi naanza na mitumbwi yangu, giza lijalo nitoe lita zangu na nitaongea na wenzangu wa mwalo wetu, tuko matajiri kama kumi na kitu hivi tunaoelewana. mtu_wa_projekti nakuja pm tuandike hiyo karatasi ya kupeleka kiwandani, andika wewe maana mimi nikiandika inakuwa matusi.

#26 Sijui_Mie

Swali la mwisho naenda kulala. Tajiri mbishi ambaye hachangii hata lita, mtumbwi wake ukipinduka?

#27 Mwalo_Kaskazini

Vijana wake wanaokolewa kama wengine, mafuta yanaandikwa kwenye daftari, na yeye tunamalizana nae nchi kavu jina lake likisomwa pale kwenye vichanja.